Kopo Moja Mezani

Ukutani kwenye besimenti ya Fundi, chumba cha chini ya nyumba, mahali ambapo majirani wengine wa mtaa wetu wa Malvern hutundika picha za harusi au kalenda ya kanisa, palikuwa na ubao uliojaa vitambaa vidogo vya pamba, kila kimoja kimebanwa kwa pini. Baadhi vilikuwa vyeupe. Vingine vilikuwa na doa la bluu inayoelekea kijani, na chini ya kila doa kulikuwa na maandishi ya penseli: jina la baruti, kasi, hali ya hewa. Siku ya kwanza nilipouona ubao ule nilidhani nimeingia kwa mganga. Nikasema moyoni, mama yangu, nyumba yenyewe inanukia bizari na mdalasini, kumbe chini kuna haya?

Haikuwa uganga. Fundi alikuwa anajaza risasi za bastola kwa mkono wake mwenyewe, anaokota maganda yaliyokwisha kulia, anayasafisha, anayatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kisha Jumamosi anakwenda klabu ya walenga shabaha kutoboa karatasi. Karatasi tu. Alikuwa na vibali vyote, na bastola ilikaa ndani ya sanduku la kufuli, sanduku ndani ya kabati la kufuli, na funguo zilikaa shingoni mwake pamoja na tasbihi. Mtu yule hakuwahi kuua hata panya. Panya alipoingia besimenti, Fundi alimnasa kwa ndoo na kipande cha chapati, akavaa koti na viatu vya theluji, akampeleka bustani ya umma akamwachia huko. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alisema panya yule yule alirudi mara tatu na kila mara akiwa mnene zaidi.

Kichekesho kingine ni kwamba mtu huyu wa baruti aliogopa jiko la gesi. Walipohamia nyumba ile lilikuwa la gesi, na hakuligusa kabisa. Akitaka chai na Mama hayupo, alinipigia simu mimi, nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Binti, una nafasi?"

"Fundi, shikamoo. Nafasi ya nini?"

"Marahaba. Ya kuwasha kitu hiki."

Nilikuwa naacha sufuria yangu mwenyewe motoni nakwenda kumwashia lake. Huko nyumbani alikuwa fundi wa kutengeneza bunduki za wawindaji, na jina la kazi likamfuata hadi Toronto likawa ndilo jina lake. Hata wazungu wa klabuni walimwita Fundi, kwa ulimi wao mzito, wakidhani ndivyo alivyobatizwa. Mhindi wa Tanga, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi wa Morogoro, na hakuniachia nafasi ya kulisahau hilo. Nikichanganya Kiingereza kidogo tu, aliinua kidole: "Hilo neno, Kiswahili chake kimekwenda wapi? Kimekosa viza?"

Klabuni walimpenda kwa sababu ya mitutu yake. Ukimulika taa ndani ya mtutu wa Fundi unang'aa mwanzo hadi mwisho, hakuna utando. Hili nilikuwa silijui, nikafundishwa. Vile vichwa vya risasi vya bei nafuu alivyovitumia ni madini laini yaliyopakwa shaba juu, shaba nyembamba mno. Ukiirusha kasi kupita kiasi, shaba inachubuka na kugandamana ndani ya mtutu, na kila risasi inayofuata inaongeza yake, mpaka ile iliyokuwa inapiga katikati inaanza kupiga ukingoni. Kuitoa ni kazi ya dawa yenye harufu ya mkojo wa farasi. Unapitisha kitambaa chenye dawa hiyo ndani ya mtutu; kikitoka na bluu, shaba bado imo. Ndipo nikauelewa ubao. Kila kitambaa kilikuwa jibu la swali moja tu: baruti hii imeacha shaba kiasi gani?

Watu walimjia na swali hilo kila Jumamosi, nitumie baruti gani? Hakuna aliyejibiwa moja kwa moja.

"Unataka kwenda wapi mbio hivyo?" aliwauliza. "Karatasi imekukosea nini? Hii shaba ni koti la kuazima. Ukimkimbiza mtu na koti la kuazima, litamvuka."

Ushauri wake ulikuwa mwendo wa taratibu. Lakini hapo ndipo penye utata, na utata huo aliniwekea mezani kwa makopo mawili matupu ili nielewe, jekundu na la kijani.

Baruti ya kopo la kijani ilikuwa nyepesi, yenye kujaa. Ukiitia kwenye ganda inafika juu. Ukikosea ukatia mara mbili, inamwagika na unajua papo hapo. Ni baruti yenye huruma. Ila ukiitumia kwa mwendo wa taratibu haiungui vizuri, inaacha masizi na chenga, na ukiongeza kasi ili iungue, shaba inachubuka. Baruti ya kopo jekundu ilikuwa nzito na kali. Kidogo tu kinatosha, inaungua yote hata kwa mwendo wa pole, na kitambaa kinatoka cheupe kama kanzu ya Idi. Lakini ule udogo wake ndio hatari. Ganda linabaki karibu tupu, ukikosea kipimo huoni kitu, na kosa lake ni kupasuka kwa bastola mkononi mwa mtu.

"Sasa wewe ungechagua ipi?" aliniuliza.

"Ya kijani," nilisema. "Bora masizi kuliko vidole. Haraka haraka haina baraka."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Haraka ina baraka zake, binti. Ila inataka mtu aliye macho."

Naye alichagua ya kopo jekundu, kwa sababu alijiamini kuwa yuko macho. Alikuwa na haki ya kujiamini. Aliosha mikono kabla ya kukaa, alizima redio, hakuongea. Kila ganda la kumi alilipima kwenye mizani yake ndogo. Na alikuwa na kanuni moja aliyoiandika kwa herufi kubwa juu ya meza: KOPO MOJA MEZANI. Baruti zote ni chenga za kijivu, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kinachokuambia hii ni ipi ni kopo ilimotoka, basi. Makopo mawili yakiwa mezani, hujui tena ulichomimina ni cha kopo gani.

Kwa kanuni hiyo alimpoteza rafiki yake mkubwa, na ndiyo maana mimi nikaingia katika habari hii.

Rafiki huyo tulimwita Dereva, Mkenya wa Nakuru aliyeendesha basi la mji, mtu wa kicheko kikubwa na suruali zilizopigwa pasi. Fundi hakuwa na gari. Kwa miaka Dereva alimchukua kila Jumamosi kwenda klabu, akajifunza kujaza risasi kwenye meza ile ile, akala biriani ya Mama hadi akawa kama mtoto wa nyumba. Siku moja simu ililia, Fundi akapanda juu kuipokea. Aliporudi akakuta Dereva amechukua kopo la kijani rafuni kulilinganisha na lile jekundu, na yote mawili yako wazi mezani. Hakuna kilichomwagika. Hakuna kilichochanganyika. Fundi akayafunga makopo, akazima taa ya meza.

"Wewe ni rafiki yangu," alimwambia. "Utakula kwangu, utalala kwangu. Kwenye meza hii usirudi."

"Mzee, wacha bana! Nilikuwa naangalia tu!"

"Najua. Sheria ni msumeno."

Dereva naye ana kiburi chake. Kama haruhusiwi mezani, hata biriani hakurudi kuila. Akahamia Brampton, mji mwingine, wakawa wanakutana misibani tu, habari, nzuri, kila mtu anatazama viatu vyake. Fundi akakosa wa kumpeleka. Bastola haipandi basi. Majira yote ya baridi alikaa chini kule akijaza risasi ambazo hakuwa na pa kwenda kuzipiga, masanduku yakapangana mpaka Mama akaja kugonga mlango wangu.

"Mwanangu, wewe una gari. Mzee ataniua kwa kuguna."

Mimi na bunduki, wapi na wapi! Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee kwenye makao yao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza wakiniita kwa majina ya dada zao waliokufa. Nilikubali Jumamosi moja. Ikawa miaka. Siku za kusubiri nikachoka kukaa kwenye gari, nikaingia ndani. Nikachoka kutazama, nikachukua mafunzo, nikapata kibali. Nilipopiga mara ya kwanza nilifumba macho yote mawili. Fundi alisema karatasi imesalimika na inanishukuru, kisha akaongeza, usirudie. Baadaye nilizoea, na kila Jumamosi alinipa sanduku la risasi hamsini alizojaza mwenyewe. Sikuwahi kuzikagua. Ungekagua vipi chakula cha mama yako?

Mezani alinifundisha pia, kidogo kidogo, akisimama nyuma yangu mikono mgongoni. Kabla ya kila hatua aliuliza, "Makopo mangapi?" Nami najibu, "Moja, Fundi." "Endelea." Siku nyingine nilichoka, nikamwambia anaona mwenyewe, macho si anayo? Akasema hanisaidii kuona, ananisaidia kuangalia.

Sasa nitasema jambo ambalo linanichoma hadi leo. Mwaka ule wa mwisho niliona dalili. Kazi yangu ni hiyo hiyo, ningekosaje kuziona? Alitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena. Alinisimulia habari ya mwindaji mmoja na punda njiani kwenda klabu, na tuliporudi akanisimulia tena, kwa furaha ile ile. Mara moja alisimama mbele ya ubao wake wa vitambaa akiwa ameshika pini, akanitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayemwambia alikuwa anafanya nini. Kwa mzee wa kule kazini ningeandika ripoti siku hiyo hiyo. Kwa Fundi nilinyamaza. Nilijua anatumia baruti ya kopo jekundu, ile isiyosamehe. Nilijua risasi zile nazipiga mimi. Lakini nilijua pia ukimwondoa mezani umembakizia nini? Kiti cha sebuleni na hali ya hewa kwenye televisheni. Niliogopa, na nikaita woga wangu heshima.

Basi ikafika Jumamosi moja ya Novemba, mvua nyembamba ya baridi, majani yote yamekwisha anguka. Kwa kawaida nikipiga breki tu Fundi yuko mlangoni na kofia yake, sanduku langu la risasi mkononi. Siku hiyo mlango ulifunguliwa na Mama.

"Yuko chini tangu asubuhi," alisema. "Chai hajanywa. Nikimwita anasema subiri."

Nikashuka. Fundi hakuwa mezani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kidato cha tatu kutoka chini, kofia ameivaa, mikono magotini. Taa ya meza ilikuwa inawaka. Mezani kulikuwa na sanduku langu, risasi hamsini zimepangwa vizuri, na kando yake makopo mawili yaliyo wazi. Jekundu na la kijani.

"Binti," alisema, "leo hatuendi."

Nikakaa kidato cha juu yake.

"Nilitaka kujaribu ya kijani tena," alisema taratibu. "Kuna mtu klabuni aliniambia imeboreshwa. Nikaweka kipimo sawasawa na yake. Halafu nimekuta nimemaliza sanduku zima, na makopo ni mawili, na sikumbuki. Nimekaa hapa nakumbuka kila kitu. Nakumbuka meza ya kwanza niliyofanyia kazi, rangi yake. Hili la leo asubuhi silioni."

Kwa asiyejua: kipimo kile ni kama kikombe cha kupimia mchele, kinajua nafasi, hakijui uzito. Ukikiweka kwa baruti nyepesi, kisha ukakijaza nzito na kali, umetengeneza bomu dogo la kushika mkononi.

Nilisema neno ambalo nadhani mtu yeyote angelisema. "Fundi, tutazivunja, tutamwaga baruti, basi. Nani atajua? Mimi sisemi."

Akageuka kunitazama, si kwa hasira. "Na la Dereva alijua nani? Niliona mimi tu. Leo pia nimeona mimi." Akavua funguo shingoni, akazitenga na tasbihi, akanitia mkononi. Zilikuwa za moto kwa joto la kifua chake. "Msumeno, binti. Unakata kwenda na kurudi. Sasa nisaidie, namba ya yule mtu siikumbuki."

Mama alikuwa nayo, ameiandika nyuma ya kalenda. Nilipiga mimi, nikampa Fundi simu pale pale kwenye ngazi. Sauti ya Dereva haikuhitaji simu kusikika.

"Haiya! Mzee? Ni wewe kweli? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimeweka makopo mawili mezani."

Nilisikia maji yakifunguliwa kule Brampton, kisha yakafungwa.

"Mzee, hiyo ni mchezo?"

"Si mchezo. Njoo."

"Nakuja. Usiguse kitu, umesikia? Usiguse kitu!"

Alifika kwa muda ambao dereva wa basi hapaswi kufika. Alishuka ngazi bila kuvua koti, akatuona mimi na Fundi tumekaa kama abiria, akaiona meza. Sote tulingoja. Nilidhani atasema, maana haki ya kusema alikuwa nayo, na mdomo pia. Badala yake aliyafunga makopo, akayachukua yote mawili, akapanda nayo hadi uani, akaimwaga baruti chini ya mawaridi ya Mama kwenye udongo uliolowa. Aliporudi alivuta pumzi.

"Mzee, kaa mezani tuvunje hizi risasi."

"Siwezi. Unajua kwa nini."

"Basi nami siwezi. Ulinifukuza, hujanirudisha."

"Nimekuita."

"Umeniita nyumbani," alisema Dereva. "Mezani hujaniita." Akavua koti, akaketi kwenye ngazi kando ya Fundi, bega kwa bega, kidato kikawa kidogo kwao. Fundi akamshika mkono juu ya kiganja, akaupapasa mara mbili, na hakuuachia tena. Mama alikuwa juu ya ngazi na trei ya chai. Nilimsikia akilia na vikombe vikigongana.

Pale chini alibaki mtu mmoja tu ambaye hajafukuzwa.

Nikaosha mikono. Nikakaa. Risasi huvunjwa kwa nyundo ya plastiki yenye tundu: unaingiza risasi, unagonga gogoni, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani. Niligonga ya kwanza. Kichwa kikatoka kikiwa na koti lake la shaba zima, linang'aa. Chenga za kijivu nikazimimina kwenye mizani, uzito umewekwa kwa ile ya kijani. Mkono wa mizani ukaruka juu ukagonga, ukabaki huko.

Wote watatu tuliujua mlio ule. Ilikuwa baruti ya kopo jekundu kwa kipimo cha kijani, na sanduku lilikuwa na jina langu kwa penseli.

"Mkono wako, binti," alisema Fundi nyuma yangu. "Mkono wako wa kulia."

Nilitaka kumwambia si kitu. Nilitaka kumwambia kwamba niliona, tangu sukari ya chai niliona, nikanyamaza. Nikamwambia. Nilisema yote nikiwa nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza. Akasema, "Basi tumekosea wawili. Usirudie." Neno hilo la mwisho ndilo alilonipa nilipofumba macho siku ya kwanza klabuni.

Zilikuwa zimebaki arobaini na tisa. Nikachukua ya pili, nikainua nyundo, na kutoka kwenye ngazi nikaisikia sauti yake, kavu, ya kila siku, kama vile amesimama nyuma yangu mikono mgongoni.

"Makopo mangapi mezani?"

"Hakuna hata moja, Fundi."

"Endelea."